Kufasiri maneno ya nyimbo za roki: mwongozo kwa sikio lililozoea mafumbo

Msikilizaji wa Dar es Salaam haji kwenye wimbo wa roki mikono mitupu. Amekulia kwenye taarabu, ambako mwimbaji anaimba ua na nyuki huku ukumbi mzima ukijua nani anapigwa kijembe. Amesoma kanga tangu utotoni. Amemsikia Remmy Ongala na Super Matimila wakiimba "Mambo kwa Soksi", na hakuna mtu mzima aliyedhani kwamba inazungumzwa soksi ya kuvaa na kiatu; ni kondomu. Radio Tanzania nayo ilielewa vizuri sana, ndiyo maana haikuupiga.

Sikio lililolelewa hivyo ni hazina. Kwenye roki, hata hivyo, linaponza kwa jambo moja: lina haraka ya kufumbua. Linaruka yaliyo wazi na kukimbilia yaliyofichwa, wakati nyimbo nyingi za roki hazikuficha kitu. Zimekisema kwenye ubeti wa kwanza na wa pili, mahali ambapo wengi hawasikilizi kwa sababu wanasubiri kiitikio. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: maneno sahihi kwanza, kisha kinachosemwa waziwazi, kisha nani anasema, yuko wapi na ni mwaka gani. Fumbo liwe la mwisho kabisa.

Kabla ya kuanza

Chagua wimbo mmoja tu, wa dakika tatu hadi tano. Uwe nao ndani ya simu, usiutegemee mtandao, maana utarudia sekunde zilezile mara nyingi na bando litakata kabla hujafika ubeti wa pili. Hedifoni ni lazima, hata zile za waya za bei rahisi. Kazi hii haifanyiki kwenye daladala wala kwa spika ya simu. Tafuta daftari, kalamu za rangi mbili, na saa mbili za utulivu. Wimbo mzito utahitaji urudi tena siku nyingine, kwa sababu sikio lililochoka huanza kusikia linachotaka.

Pata maneno sahihi

Sikiliza mara tatu bila kusoma maneno popote. Mara ya kwanza acha wimbo upite tu. Mara ya pili andika kila unachosikia, hata kama hakina maana, na pale usiposikia acha pengo. Usijaze kwa kubahatisha. Mara ya tatu rudi kwenye mapengo peke yake, ukipunguza mwendo hadi 0.75. Programu nyingi za video zina kitufe hicho. Ukishuka chini zaidi sauti huvutika na maneno hupoteza umbo.

Mapengo yatakuwa mengi kuliko ya wimbo wa rege au wa kantri, na si kwa sababu Kiingereza chako ni kibovu. Gitaa la umeme likipitishwa kwenye mkwaruzo, yaani sauti yake ikichafuliwa makusudi, hujaza eneo lilelile la sauti ambamo konsonanti kama t, k, s na f husikika. Irabu hupenya, konsonanti humezwa. Kama simu yako ina ikwalaiza, yaani kirekebisha sauti, punguza besi na upandishe kidogo eneo la kati ya kilohezi 2 na 4. Usiliongeze sana, la sivyo gitaa nalo litapanda na utarudi pale pale.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi zaidi. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwenye irabu, kwa hiyo sikio letu halina mazoea ya kungoja konsonanti ya mwisho wa neno. Kiingereza huning'iniza mambo mazito pale pale mwishoni: wakati uliopita, wingi, na hata ukanushi. Tofauti ya can na can't kwenye mdomo wa mwimbaji wa roki ni mkato mdogo wa pumzi tu. Mwimbaji anasema hawezi, wewe umesikia anaweza, na tafsiri nzima imegeuka kichwa chini. Kila unapokutana na jozi hiyo, rudia sekunde tano kabla na tano baada.

Wenye lugha yao nao hukosea. Katika "Purple Haze" ya mwaka 1967, Jimi Hendrix anaomba apewe nafasi abusu anga, lakini wazungumzaji wa Kiingereza kwa miaka mingi wamesikia kwamba anataka kumbusu mwanamume fulani: "the sky" imegeuka "this guy".

Ukishamaliza nakala yako, ndipo ulinganishe. Chanzo bora ni kijitabu kilichomo ndani ya albamu, kisha tovuti rasmi ya bendi, kisha maneno yaliyowekwa kwenye video rasmi. Tovuti za maneno ya nyimbo huandikwa na mashabiki na hunakiliana. Kosa moja huonekana sehemu kumi, kwa hiyo kumi kukubaliana si mashahidi kumi. Manukuu yanayotengenezwa na mashine yenyewe usiyaguse kwa wimbo wa roki. Pale vyanzo vinapotofautiana na sikio lako halina uhakika, weka alama ya kuuliza, na usijenge hoja yoyote juu ya mstari huo.

Nakala ya mwisho ichapishwe steshenari kwa nafasi kubwa kati ya mstari na mstari. Utaandika hapo katikati.

Kata wimbo vipande

Weka namba kwenye kila mstari. Kisha tenga beti, kiitikio, na ile sehemu moja ya kati, kwa kawaida baada ya kiitikio cha pili, ambapo muziki unabadilika na maneno yanayoimbwa hayarudi tena. Wanamuziki huiita daraja. Iwekee rangi yake. Mara nyingi mtunzi huweka hapo taarifa ambayo hakuitoa kwingine.

Kiitikio kiandike mara moja tu, hata kama kinaimbwa mara nne. Hatua hii ni ndogo lakini faida yake ni kubwa. Kiitikio kinakaa kichwani kwa sababu ya kurudiwa, wala si kwa sababu kimesema mengi. Mara nyingi kina maneno yasiyozidi kumi tofauti. Ukikiandika mara moja, beti zinarudi kwenye ukubwa wake halisi na utaona wimbo ni hadithi ndefu kuliko ulivyodhani. Angalia tu kama kiitikio cha mwisho kimebadilika hata neno moja. Kikibadilika, kizungushie duara.

Useme kwa Kiswahili chako

Kwa kila ubeti andika sentensi moja au mbili za Kiswahili, kama unavyomsimulia mtu aliyekaa pembeni yako: nani anafanya nini, wapi, anataka nini. Usitafsiri neno kwa neno, na usiikabidhi programu ya kutafsiri. Programu itamgeuza mpenzi anayeitwa baby kuwa mtoto mchanga, na nahau za mtaani za Marekani kuwa maagizo ya ajabu.

Hapa viwakilishi vitakusumbua, na ni vizuri visumbue. Kiingereza hutofautisha mwanamume na mwanamke pale ambapo sisi tunasema "yeye" tu, kwa hiyo andika pembeni kama ni wa kike au wa kiume, usije ukapoteza taarifa. Kwa upande mwingine, "wewe" na "ninyi" kwa Kiingereza ni neno moja, nawe utalazimika kuchagua. Ukichagua, andika mstari uliokufanya uchague. Usipouona, andika yote mawili. Nyimbo kadhaa zimesimama juu ya utata huo huo, na ukiuondoa mapema umeua wimbo.

Ukimaliza hatua hii utakuwa na aya fupi ya Kiswahili. Isome kwa sauti bila muziki. Kwa nyimbo nyingi, zaidi ya nusu ya maana unayoitafuta iko hapo tayari.

Nani anaimba?

Kosa kubwa kuliko yote ni kudhani "mimi" wa wimbo ni mwimbaji mwenyewe. Kwenye roki, "mimi" mara nyingi ni mhusika wa kubuni, na mara nyingine ni mhusika ambaye mtunzi hakubaliani naye hata kidogo. Taarabu nayo imetuzoesha kuuliza anaimbwa nani. Kwenye roki anza na swali la upande wa pili: anayesema ni nani?

Chukua "Every Breath You Take" ya The Police, ya mwaka 1983. Hupigwa harusini kama wimbo wa mapenzi ya kudumu. Gawa ukurasa mara mbili. Kushoto andika kila anachofanya msemaji: anatazama kila pumzi, kila hatua, kila kiapo kinachovunjwa. Kulia andika kila anachosema au kukubali huyo anayetazamwa. Upande wa kulia utabaki mweupe. Kisha soma ile sehemu ya kati, utakuta msemaji anakiri kwamba mwenzake ameshaondoka na yeye amebaki amepotea. Basi huyu ni mtu aliyeachwa, anayemfuatilia aliyemwacha na kudai kwamba bado ni mali yake. Sting aliyeutunga amesema wazi kwamba ni wimbo wa wivu na ufuatiliaji. Hukuhitaji kumsikia akisema. Ukurasa wako ulikwisha kuonyesha. Kama una harusi ya kuandaa, tafuta wimbo mwingine.

"Born in the U.S.A." ya Bruce Springsteen, ya mwaka 1984, inafundisha jambo hilo kwa ukali zaidi. Kiitikio kinapiga kifua: nimezaliwa Marekani. Ngoma zinapigwa kwa nguvu, bendera zinapepea kwenye matamasha. Septemba 1984 Rais Ronald Reagan, akiwa kwenye kampeni huko Hammonton, New Jersey, alimtaja Springsteen kama mtu ambaye nyimbo zake zina ujumbe wa matumaini. Sasa soma beti. Msemaji amezaliwa kwenye mji uliokufa, ameingia kwenye matatizo, amekabidhiwa bunduki na kupelekwa nchi ya mbali. Anarudi, kiwanda cha kusafisha mafuta hakimpi kazi, ofisi ya maveterani haina msaada. Ndugu yake alipigana Khe Sanh, kwenye vita vya Vietnam. Adui waliyepigana naye bado yuko pale, ndugu ndiye hayupo. Mwishoni yuko kwenye kivuli cha gereza, miaka kumi barabarani, hana pa kwenda.

Usikimbilie kusema kiitikio ni uongo. Rudi usikilize muziki. Springsteen alikuwa ameurekodi wimbo huu mwaka 1982 akiwa peke yake na gitaa, na rekodi hiyo ilitoka mwaka 1998 kwenye mkusanyiko uitwao Tracks. Ukiisikia, maneno ni yale yale na ni kilio mwanzo mpaka mwisho. Toleo la mwaka 1984 linapiga kelele za ushindi juu ya maneno ya kushindwa, na mgongano huo ndio wimbo: mtu anatangaza haki yake ya kuzaliwa kwa nguvu zote kwa sababu ndicho kitu pekee alichobaki nacho. Kila muziki na maneno vinapopingana, viandike vyote viwili pembeni kwa pembeni na uulize kwa nini mtunzi ameviacha vipingane. Usichague kimoja ukakitupa kingine.

Mahali na mwaka

Zungushia duara kila jina la mtu, mji, mtaa, chumba, mwezi na mwaka. Kisha vitafute kimoja kimoja, hata vile unavyodhani unavijua. Linganisha pia mwaka wa tukio na mwaka wa kutoka kwa albamu, kwa sababu hakuna wimbo unaozungumzia jambo lililotokea baada yake, na tafsiri nyingi za vijiweni hufia hapo.

"Biko" ya Peter Gabriel, ya mwaka 1980, ni wimbo mzuri wa kujifunzia hatua hii. Unataja Septemba 1977, Port Elizabeth, na chumba cha polisi namba 619. Ukitafuta utakuta Steve Biko, mpigania haki wa Afrika Kusini, alihojiwa Port Elizabeth lakini alifia Pretoria, tarehe 12 Septemba 1977, baada ya kusafirishwa kwa gari zaidi ya kilomita 1,000 akiwa mahututi. Kwa nini wimbo unaanzia Port Elizabeth? Kwa sababu ndiko alikoumizwa. Mtunzi ametaja chumba badala ya hospitali, na kwa uchaguzi huo ameshasema nani ana damu mikononi. Wimbo haukuhitaji fumbo lolote, ulihitaji namba ya mlango.

Kuna mtego mmoja kwetu ndani ya wimbo huo. Kwenye kiitikio kuna maneno ya Kixhosa ambayo kwenye maandishi huonekana kama "yihla moja". Msomaji wa Kiswahili ataona namba moja na kuanza kuhubiri umoja. Ni wito kwa roho ishuke. Lugha zetu za Kibantu zinafanana vya kutosha kutudanganya, kwa hiyo kila neno unalodhani umelitambua, lihakiki.

Mtego wa aina hiyo uko pia kwenye "Zombie" ya The Cranberries, ya mwaka 1994. Hapa Dar jina hilo linaleta msukule mara moja. Fuata duara zako: wimbo unamtaja mtoto anayechukuliwa, vifaru na mabomu, na mwaka 1916. Mwaka 1916 ni wa uasi wa Pasaka mjini Dublin dhidi ya utawala wa Uingereza. Mtoto anatokana na mabomu yaliyolipuliwa Warrington, Uingereza, tarehe 20 Machi 1993, yaliyoua watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 12. Dolores O'Riordan, mwimbaji na mtunzi wake, mwenyewe Mwairishi, anawaambia wanaoua kwa jina la Ireland kwamba vita vyao viko kichwani mwao na vinajirudia tangu 1916. Zombi hapa ni mtu ambaye akili yake imeacha kufikiri huku mikono ikiendelea kuua. Msukule wetu ni mtu aliyefanyiwa na mwingine. Zombi wa wimbo huu amejifanya mwenyewe, na tofauti hiyo ndiyo lawama yote.

Wimbo mmoja mpaka mwisho

Sasa tuchukue wimbo ambao Mtanzania ana haki ya kuusoma kwa karibu kuliko mtu wa Los Angeles: "Africa" ya Toto, ya mwaka 1982, uliotungwa na David Paich na Jeff Porcaro. Ni roki laini, maneno yanasikika, na milima yetu imo.

Kinachosemwa waziwazi ni hiki. Usiku, mwanamume anasikia ngoma kwa mbali. Mwanamke, yeye anasikia minong'ono tu ya mazungumzo. Mwanamke anakuja kwa ndege ya saa sita na nusu. Njiani mwanamume anamsimamisha mzee akitumaini kupata maneno au nyimbo za kale zilizosahaulika, na mzee anamhimiza afanye haraka. Ubeti wa pili: mbwa mwitu wanalia usiku wakitamani mwenza. Msemaji anajua lazima atende lililo sahihi, hakika kama Kilimanjaro inavyosimama kama Olympus juu ya Serengeti. Anatafuta tiba ya kilichomo ndani yake, anaogopa alichogeuka kuwa. Kiitikio: itahitajika nguvu nyingi kumvuta mbali "nawe", anabariki mvua za Afrika, na wachukue muda kufanya ambayo hawakuwahi kuyapata.

Zungushia majina. Kilimanjaro haisimami juu ya Serengeti. Kati ya mlima na hifadhi kuna zaidi ya kilomita 200, na katikati kuna Arusha na Ngorongoro. Dereva yeyote wa utalii atakwambia. Olympus nayo ni mlima wa Ugiriki wenye mita 2,917, nusu ya Kilimanjaro yenye 5,895. Umewekwa pale kwa sababu ya miungu wa Kigiriki, si kwa sababu ya kimo. Wengi huishia hapa: mtunzi hajui jiografia, wimbo umekwisha. Lakini kosa nalo ni ushahidi. Paich ameeleza kwamba alikuwa hajafika Afrika alipoutunga; aliijenga kwa picha za televisheni na magazeti, na kwa simulizi za walimu wa shuleni kwake waliowahi kuwa wamisionari huku. Basi Afrika ya wimbo ni mahali pa kutamaniwa na mtu aliye mbali, ambapo majina makubwa yote yanasimama sehemu moja.

Shika kiapo chenyewe sasa. Msemaji anataka kusema ana uhakika, na anachagua mfano ambao haupo. Sidhani Paich alikusudia, lakini mstari unaofuata mara moja unamkuta msemaji anaogopa, na usomaji mzuri unaviona vyote viwili.

Mbwa mwitu ni muhimu zaidi ya mlima. Mbwa mwitu wa Afrika huishi na kuwinda kwa kundi. Ni vigumu kupata mnyama asiye na haja ya kuombewa mwenza kama huyo. Upweke ule ni wa mwanamume, ameubandika kwa wanyama. Ukishaona hilo, ubeti wa kwanza nao unafunguka: watu wawili, usiku mmoja, mmoja anasikia ngoma na mwingine minong'ono. Hawasikii kitu kimoja.

Imebaki "nawe" ya kiitikio. Katika beti mwanamke ni "yeye". Kwenye kiitikio kuna "wewe" ambaye hajatambulishwa. Ni mwanamke huyo, au ni Afrika? Ukisema ni mwanamke, mvua inayobarikiwa inakuwa mandhari tu. Ukisema ni Afrika, yale mambo "ambayo hatukuwahi kuyapata" yanakosa mwenyewe. Usichague. Mtu huyu amegawanyika kati ya anayekuja kwa ndege na mahali asipotaka kuondoka, na wimbo umekataa kumwamulia. Kusema wimbo unaisifu Tanzania ni kosa, na kusema unatudharau ni kosa pia. Tanzania imo kama jina la ramani. Habari ni ya mwanamume anayekimbilia ndoto kwa sababu ya karibu yake hayawezi.

Sasa fumbo

Ukifika hapa bila kupata maana, ndipo ufumbue. Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi wa dini ya Zoroasta, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Katika "Bohemian Rhapsody" aliyoitunga kwa bendi yake ya Queen, ya mwaka 1975, linasikika neno "Bismillah", na huku pwani watu wengi wamejenga maana ya wimbo wote juu ya neno hilo moja. Tazama liko wapi. Wimbo una karibu dakika sita na hauna kiitikio kabisa. Kijana anamwambia mama yake kwamba ameua mtu, anaaga, kisha kwaya ya sauti nyingi inabishana kama aachiwe aende au asiachiwe. "Bismillah" hutamkwa ndani ya ubishi huo, sambamba na majina ya Scaramouche, mhusika wa michezo ya kuchekesha ya Italia, na Galileo. Kwa hiyo kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba neno limetumika kama kiapo mbele ya baraza linalohukumu, na kwamba mtunzi alizaliwa mahali ambapo neno hilo husikika kila siku. Zaidi ya hapo ni ubunifu wako. Mercury mwenyewe aliwaachia wasikilizaji wajiamulie.

Fumbo lolote utakalolipata lipitishe kwenye vipimo hivi. Je, linaeleza mistari mingapi? Likiacha ubeti mzima nje, limekufa, hata kama linapendeza. Je, mwaka unaruhusu? Na je, mtu ambaye hukumdokeza chochote anaweza kulifikia kwa kusoma maneno yale yale?

Kipimo hicho cha tatu ndicho kinachomaliza uvumi wa Frimasoni na ushetani, ambao mjini hapa hubandikwa karibu kila wimbo wenye gitaa zito. Ukimchezea mtu wimbo kinyumenyume baada ya kumwambia atasikia nini, atasikia. Mchezee bila kumwambia, atasikia kelele. Mwaka 1990 mahakama ya Reno, Nevada, ilisikiliza kesi dhidi ya Judas Priest iliyodai kuna amri iliyofichwa kwenye rekodi yao. Jaji aliamua kwamba kilichosikika kilitokana na sauti zilizogongana kwa bahati, na bendi ikashinda. "Hotel California" ya Eagles imesingiziwa kanisa la shetani kwa miongo. Don Henley wa bendi hiyo ameeleza kuwa ni safari ya kutoka kwenye usafi wa moyo kuingia kwenye uzoefu wa maisha, na beti zake zote zinakubaliana naye.

Kauli ya mtunzi ichukue kama ushahidi mzito, lakini ilinganishe na ukurasa. John Lennon wa The Beatles alishikilia kwamba "Lucy in the Sky with Diamonds" ya mwaka 1967 ilitokana na mchoro wa mwanawe Julian, wakati watu wakisoma herufi za kwanza za jina hilo kama dawa ya kulevya ya LSD. Mchoro upo. Picha za wimbo nazo ni za mwaka 1967 kweli kweli. Andika vyote. Mwaka huohuo alitunga "I Am the Walrus" kwa makusudi ya kuwachanganya wafasiri, baada ya kusikia kwamba shuleni alikosoma wanafunzi wanafundishwa kuchambua nyimbo zao. Huo ufasiri kwa sauti na mzaha wake, usiulazimishe hadithi. Majina ya nyimbo pia yasikuendeshe: "Smells Like Teen Spirit" ya Nirvana, ya mwaka 1991, imepata jina kutokana na maneno ambayo rafiki wa Kurt Cobain aliandika ukutani akikusudia marashi ya kwapa ya aina hiyo, na Cobain hakulijua hilo.

Kuandika ulichokipata

Nusu ukurasa unatosha. Tumia aina tatu za kauli na usizichanganye: "wimbo unasema", ukiwa na namba ya mstari, "mtunzi amesema", ukiwa na mwaka na mahali aliposema, na "nasikia hivi", kwa yale yanayotoka kwako. Mgongano mwingi wa mashabiki hutokea kwa sababu mtu ameandika ya tatu akaipa vazi la ya kwanza. Ukimaliza, mpe mwenzako aliyesikia wimbo lakini hajasoma kazi yako, na umwombe atafute mstari mmoja unaokupinga. Akiupata, usiutetee kwanza. Rudi kwenye hedifoni.

Kwa mazoezi, anza na "Biko", kwa sababu kila duara lina jibu. Fuata na "Zombie", kisha "Every Breath You Take" kwa ajili ya msemaji, kisha "Born in the U.S.A." kwa matoleo yote mawili siku moja, la mwaka 1982 likitangulia. "Bohemian Rhapsody" iache hadi umemaliza hizo nne. Na kati ya moja na nyingine, rudia hatua zote kwa wimbo wa nyumbani. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1970 iliyochanganya roki na midundo ya hapa, itakufaa sana kwa nyimbo zake za Kiswahili, maana lugha haitakuwa kikwazo na utajua kama tatizo lako lilikuwa Kiingereza au haraka.